Maswali Yenu: EuroLeague, Saa za Usiku na Mstari wa Alama Tatu

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinahusu mpira wa vikapu wa Ulaya, hasa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za huko. Tumechagua saba. Zilizofanana tumezijibu pamoja.

*Mhariri, hamjambo. Huwa tunatazama EuroLeague kwa simu, vijana wanne. Msimu wote Real Madrid wakicheza kwao tulikuwa tunaketi saa nne na nusu usiku. Mwezi wa Aprili tukaketi saa hiyo hiyo, tukakuta robo ya tatu inaanza. Nani alikosea? Na bando tulipangeje?*
— Kondele, Kisumu

Aliyekosea ni anayedhani saa ya Madrid haibadiliki. Sisi hapa tuko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, Januari hadi Desemba. Uhispania, Ufaransa, Italia na Ujerumani wako mbele kwa saa moja wakati wa baridi, kisha Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele na kuwa mbili. Huirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo mechi inayoanza Madrid saa mbili na nusu usiku kwao huwa saa nne na nusu kwenu mwezi wa Januari, lakini saa tatu na nusu mwezi wa Aprili na Mei. Hapo ndipo mlipopoteza nusu nzima ya kwanza.

Wagiriki na Walithuania wana saa yao nyingine: baridi wako nyuma yetu kwa saa moja, na kuanzia mwisho wa Machi wanalingana nasi kabisa. Uturuki haibadilishi saa. Istanbul na Kisumu ni saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mechi ya Fenerbahçe nyumbani ndiyo rahisi kuliko zote: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya Istanbul ndiyo saa yako. Msilipuuze jambo hili, maana hatua zote kali za msimu, mchujo hadi fainali, huchezwa Aprili na Mei, baada ya saa kubadilishwa.

Mliuliza pia kuhusu bando. Mechi ni dakika 40 za mchezo lakini hukaa takriban saa mbili. Video ikija kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, saa mbili zinakula gigabaiti 1.35. Mkiishusha hadi megabiti 0.8, ni kama megabaiti 720. Wekeni kiwango wenyewe kwa mkono. Mkiiacha simu ijichagulie, mtandao ukiwa mzuri itapanda hadi picha kali bila kuwauliza, na bando litakata robo ya nne, pale pale mnapolihitaji.

*Timu inaongoza kwa alama 6, zimebaki sekunde 8, mpira wanao wao. Badala ya kuudunda muda uishe, mchezaji anakimbia kutupa wa alama tatu. Jirani yangu anasema ni dharau na Wazungu hawana adabu. Ni kweli?*
— Section 58, Nakuru

Jirani yako anatazama mechi moja. Yule mchezaji anacheza mbili.

Katika msimu wa kawaida kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Mwishoni timu zikilingana ushindi, kinachotazamwa kwanza si jumla ya alama za msimu. Ni mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Aliyeshinda zote mbili anakaa juu. Kila mmoja akiwa ameshinda moja, wanajumlisha matokeo ya mechi hizo mbili na kuangalia nani ana tofauti nzuri. Tuseme timu A ilifungwa ugenini kwa alama 8. Sasa inacheza nyumbani, inaongoza kwa 6, sekunde 8. Ikiudunda mpira muda ukaisha, imeshinda mechi lakini kwa hesabu ya mbili inabaki nyuma kwa 2. Ikifunga wa tatu, inaongoza kwa 9, na kwa jumla iko mbele kwa 1. Mtupo huo mmoja unaweza kuamua Mei wacheze wapi. Timu tatu zikilingana, wanatengeneza jedwali dogo la mechi za hao watatu peke yao, na hapo watu wengi hukosea kwa kuhesabu mbili mbili.

Kulingana si jambo la nadra. Msimu wa 2023-24 Panathinaikos na Monaco walimaliza wote na ushindi 23 na vipigo 11, wa pili na wa tatu. Chini yao Barcelona na Olympiacos wote walikuwa 22 kwa 12. Barcelona wakawa wa nne, wakapata haki ya kuicheza mechi ya tano nyumbani kama mfululizo ungefika huko. Ulifika, na Olympiacos wakaenda kushinda Barcelona. Faida ya nyumbani ni mtaji, na mtaji hupotea.

Kwa hiyo wewe na jirani mkitaka kujua kama ni dharau au hesabu, tafuteni matokeo ya mechi yao ya kwanza kabla ya kuketi. Andikeni tofauti kwenye karatasi. Kuanzia dakika ya 38 mtaona kocha naye anaangalia namba hiyo hiyo.

*Timu ya mwisho EuroLeague haishuki daraja? Na hii "play-in" inachezwaje?*
— Njoro, Nakuru

Haishuki kwa sababu ya nafasi. Hii si ligi ya kupanda na kushuka kama kandanda. Klabu kubwa zina leseni za muda mrefu: Real Madrid, Barcelona, Baskonia, Olympiacos, Panathinaikos, Fenerbahçe, Anadolu Efes, Maccabi Tel Aviv, Olimpia Milano, Žalgiris Kaunas, na baadaye Bayern Munich na ASVEL. CSKA Moscow nao walikuwa na leseni, lakini klabu za Urusi zilisimamishwa mwaka 2022. Nafasi zilizobaki hutolewa kwa mialiko, kwa leseni za muda mfupi, na kwa bingwa wa EuroCup, mashindano ya ngazi ya chini yake. Paris waliingia kwa mlango huo wa ubingwa wa 2024 na mwaka wao wa kwanza wakafika robo fainali. Hapoel Tel Aviv wakafuata mwaka 2025. Wengine huondoka kwa miguu yao, kama Alba Berlin waliohamia Basketball Champions League, mashindano mengine ya klabu za Ulaya, baada ya msimu wa 2024-25.

Hadi msimu huo timu zilikuwa 18 na raundi 34, yaani mechi 306. Msimu wa 2025-26 timu zikawa 20, Dubai wakiwemo, raundi 38, mechi 380. Kwetu tunaona ni nyingi mno, kwa kuwa wachezaji hao hao wana ligi za nchi zao mwishoni mwa wiki.

Sita wa kwanza wanaingia robo fainali moja kwa moja; wa 7 hadi wa 10 ndio wanaocheza play-in. Wa 7 anakutana na wa 8: mshindi amepita. Wa 9 anakutana na wa 10: anayefungwa anaenda nyumbani. Aliyeshindwa kati ya 7 na 8 anapewa roho ya pili, anacheza na mshindi wa 9 na 10, na hapo mmoja tu anabaki. Robo fainali ni mpaka ushindi wa tatu, aliye juu akicheza nyumbani mechi ya 1, 2 na 5. Kisha Final Four: mji mmoja, timu nne, nusu fainali Ijumaa, fainali Jumapili, mechi moja moja. Ndiyo maana anayeongoza msimu mzima mara nyingi halinyanyui kombe. Mwaka 2024 Real Madrid waliongoza jedwali, Panathinaikos wakawafunga 95-80 fainali ya Berlin. Mwaka 2025 Olympiacos waliongoza, na Abu Dhabi wakatolewa nusu fainali na Monaco. Fenerbahçe wakawafunga Monaco 81-70. Mara ya mwisho kukosa bingwa kabisa ilikuwa 2019-20, msimu uliokatizwa na korona.

*Kwenye takwimu za EuroLeague kuna namba moja kubwa mwisho wa safu, wanaiita PIR. Mchezaji wa alama 18 ana 19, mwenzake wa alama 22 ana 11. Inahesabiwaje?*
— Mwanafunzi, Maseno

PIR ni kipimo cha mchango wa mchezaji. Unajumlisha mema: alama, ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi zilizozaa alama), mipira aliyonyang'anya, mitupo aliyozuia na fauli alizofanyiwa. Kisha unatoa mabaya: mitupo aliyokosa, mitupo huru aliyokosa, mipira aliyopoteza, mitupo yake iliyozuiwa na fauli alizofanya.

Chukua huyo wa 18. Alama 18, ribaundi 5, asisti 6, kunyang'anya 1, kuzuia 0, fauli alizofanyiwa 5: jumla 35. Alikosa mitupo 7 na mtupo huru 1, alipoteza mpira mara 4, alizuiwa mara 1, alifanya fauli 3: jumla 16. Ondoa, unabaki na 19. Yule wa 22 labda alitupa mara ishirini na kitu. Kila alichokosa kimemla.

Ina dosari mbili za kukumbuka. Mtupo uliozuiwa unaadhibiwa mara mbili, kwanza kama umekosa kisha kama umezuiwa. Na mlinzi anayemfuata mfungaji hatari usiku kucha mpaka anakosa hamu ya kutupa, hapati hata nukta. Kwa hiyo itumie kumpima mshambuliaji na mtu wa chini ya kikapu. Ukimpimia mlinzi utamdhulumu. Na usiku ule wa Machi 2024 Nigel Hayes-Davis wa Fenerbahçe alipofunga alama 50 dhidi ya Alba Berlin, rekodi ya mechi moja ya EuroLeague, hakukuwa na haja ya kuangalia PIR.

*Mimi ni kocha wa shule ya upili. Wachezaji wangu wamelishwa NBA wakashiba, sasa kila siku wananibishia. Wanasema mlinzi mrefu haruhusiwi kukaa chini ya kikapu, na kwamba mpira ukiwa juu ya ringi hauguswi. Lakini EuroLeague wanaona Tavares, yule mrefu wa Real Madrid, anafanya yote mawili. Nisaidieni.*
— Kakamega

Mwalimu, wewe uko sahihi na Tavares yuko sahihi. EuroLeague huchezwa kwa misingi ya sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani, na ndizo sheria za mashindano yako pia. Waambie NBA ni nyumba nyingine.

Sheria ya sekunde tatu kwa FIBA inamhusu anayeshambulia. Anayelinda anaweza kukaa ndani ya eneo hata dakika nzima. Ndiyo maana Ulaya njia ya katikati huwa imejaa, na timu hulazimika kuupitisha mpira mara nyingi na kuweka skrini (kumzibia mlinzi njia kwa mwili) juu ya skrini mpaka yule mrefu atoke. Mchezaji wako akipenya kichwa kichwa akidhani kuna uwazi kama alivyoona Marekani, atakutana na ukuta. Mfundishe asimame kwa miguu miwili ndani ya eneo, atazame pembeni, atoe pasi.

Mpira unaoshuka kuelekea ringi hauguswi na yeyote. Lakini ukishagonga ringi, FIBA inaruhusu mchezaji yeyote kuupangusa au kuuingiza, hata kama bado unacheza juu yake, mradi hapitishi mkono kutoka chini ya kikapu wala hautikisi ubao. Edy Tavares, jitu la zaidi ya mita 2.20, ameishi kwa sheria hii. Vijana wako wakikaa kutazama mpira ukizunguka ringi wakingoja refa, ribaundi itachukuliwa na asiyengoja.

Mengine yanayowaponza waliozoea NBA: fauli ya tano ndiyo ya kukutoa, si ya sita. Mchezaji hawezi kuomba taimauti, ni kocha au msaidizi wake wa kwanza mezani, na hupewa mpira ukiwa umesimama. Una mbili nusu ya kwanza na tatu ya pili, ila ukifika dakika mbili za mwisho za robo ya nne hujatumia hata moja, ya tatu imeungua. Makocha wengi hugundua hilo mezani, wakiwa wameshachelewa. Na kumshika kwa nyuma anayekimbia peke yake kwenda kufunga hakuitwi ujanja: ni fauli isiyo ya kiuanamichezo, mitupo huru miwili na mpira wanabaki nao.

*Kuna Waafrika kule? Na Mkenya je?*
— Vihiga

Waafrika wapo, na si wa kujaza benchi. Huyo Tavares ni wa Cape Verde, na alikuwa mchezaji bora wa Final Four ya 2023 huko Kaunas, fainali ambayo Sergio Llull aliimaliza 79-78 kwa mtupo wake wa pekee ulioingia usiku huo. Serge Ibaka wa Kongo alirudi Ulaya baada ya NBA akachezea Bayern na Real Madrid. Upande wetu, Tylor Ongwae, aliyeizamisha Angola 74-73 mwaka 2021 akiwa na timu ya taifa ya Kenya, alicheza Denmark, nje ya EuroLeague. Kwa klabu, mlango ulio karibu ni BAL, ligi ya klabu za Afrika, ambako Nairobi City Thunder walifika 2025, timu ya kwanza ya Kenya.

*Tunachora upya uwanja wa shule. Tunataka mstari wa alama tatu uwe ule ule wa EuroLeague. Fundi anasema ni mita 6.25 kutoka kwenye ubao. Sisi hatuna uhakika.*
— Bungoma

Fundi amekosea mara mbili, na kila kosa lina chanzo. Mita 6.25 ni kipimo cha zamani. FIBA ilikisogeza hadi 6.75 mwaka 2010. Kama eneo la chini ya kikapu kwenye uwanja wenu limetanuka chini kama sketi, hilo nalo ni la enzi hizo. Siku hizi ni mstatili wa upana wa mita 4.90. Kosa la pili: hupimi kutoka kwenye ubao, unapima kutoka katikati ya ringi. Kati ya hapo na uso wa ubao ni sentimita 37.5, na kosa la kiasi hicho mtupaji atalisikia mkononi.

Anzeni na mraba wa uwanja. Ukubwa kamili ni mita 28 kwa 15, ukipima kingo za ndani za mistari ya mpaka. Vuteni tepu ya chuma kona hadi kona: ulalo wote uwe mita 31.76, pande zote mbili. Zikitofautiana, uwanja umepinda, na kila kitakachochorwa baadaye kitapinda nao.

Sasa pandeni ngazi, mshushe timazi kutoka katikati ya ringi, muweke alama sakafuni. Alama hiyo inapaswa kuwa mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa nyuma. Ikiwa nguzo ilisimikwa vibaya, mkakuta 1.40 kwa mfano, msiisogeze alama. Sogezeni mstari wa nyuma kama nafasi ipo, kwa sababu mchezaji hutupa kwenye ringi.

Mstari wa tatu una vipande vitatu. Kwanza miwili iliyonyooka, mmoja kila upande, sambamba na mistari ya pembeni, kila mmoja mita 6.60 kutoka mhimili wa katikati. Hapo inabaki sentimita 90 hadi mpaka, nafasi ya mtu kusimama bila kukanyaga nje. Inatoka mstari wa nyuma na kwenda mita 2.99. Kisha upinde: pigeni msumari kwenye alama ya timazi, tepu mita 6.75, mzungushe. Upinde ukikutana na ncha za mistari iliyonyooka, mmepatia. Usipokutana, mhimili wenu haupo katikati. Rudini mpime upya kabla ya kugusa brashi. Mita 6.75 ni ukingo wa nje. Mistari yote ni sentimita 5, kwa hiyo ukingo wa ndani ni 6.70. Msitumie kamba ya katani. Inanyumbuka ukiivuta na kufupika ikipata umande, na upinde unatoka kama yai.

Uwanja wenu ukiwa na upana wa mita 14 tu, mtabakiwa na sentimita 40 kule kwenye kona. Chora hivyo hivyo. Mguu mmoja unatosha, miwili ni ya kubahatisha, na ni bora wajifunze kutupa wa tatu kutoka juu kuliko kuzoea mstari wa uongo.

Mstari wa mitupo huru uwe mita 5.80 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa nyuma hadi ukingo wake wa mbali, urefu mita 3.60. Nusu duara ya chini ya kikapu, ambamo mlinzi hawezi kudai fauli ya kugongwa, iwe na nusu kipenyo mita 1.25 kutoka ile ile alama ya timazi. Ringi mita 3.05; pimeni tena kama saruji imeongezwa chini, maana safu moja tu ya sentimita 4 imeshaishusha.

Saruji mpya iacheni siku 28 kabla ya rangi, la sivyo itabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi ya barabarani inadumu kuliko ya ukutani. Mistari yote miwili ya tatu pamoja ni kama mita 49, sawa na mita za mraba 2.4 kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo msikubali fundi awauzie ndoo kwa kazi ya mkebe. Bandikeni teipu ya karatasi pande zote mbili, pakeni mikono miwili asubuhi jua halijawa kali, na mbandue teipu kabla mkono wa pili haujakauka kabisa. Na Bungoma mvua huja alasiri.